CHIKANDA CHETU KINAKWISHA

Ndugu wanakijiji, chikanda kinavuka Tunduma kwenda Zambia kwa magunia. Wenzetu walichimba chao kikapungua, sasa wanategemea cha kwetu.

Ua lile lina viazi viwili: cha zamani kimenyauka, kipya ndicho cha kuota mwakani. Mchimbaji anachukua hicho kipya, basi, mmea umekufa. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na bado watu wanachimba. Joto nalo linaongezeka. Ua la baridi likishafika kileleni, litakimbilia wapi tena?

Hela ya chikanda imesomesha watoto hapa, tusidanganyane. Kwa hiyo hoja ya ushirika ni hii: kilima kipumzike misimu mitatu, na wachimbaji wawe wa kwanza kukopeshwa mbegu za maharage. Mwenye kupinga aje mkutanoni aseme.