Mto si wa kufulia tu

Vakansi imefika. Watoto wako nyumbani, mvua imekatika, na Lualaba yetu imeshuka mpaka ile michanga ya katikati imeanza kuonekana. Kila mwaka ni vile vile: jua likipunguza ukali, vijana wanateremka. Wengine wanapiga mpira juu ya mchanga, wengine wanashindana kwa mitumbwi, wengine wanapanda mti ulioinamia maji na kujitupa. Upande wa Kindu na ng'ambo ya Alunguli, kelele ni zile zile za furaha.

Na sisi wamama tuko wapi saa hiyo? Tuko pale pale mtoni, hatua chache kutoka kwao, migongo imepinda. Tunafua, tunasugua sufuria kwa mchanga, tunatoa mihogo tuliyoloweka, tunajaza bidoni. Tukimaliza tunajitwika na kupanda kilima. Mtu akituuliza kama tunaenda mtoni, tutamjibu kwamba tunaenda kila siku, hata mara tatu kwa siku. Lakini ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alienda mtoni mikono mitupu?

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya mapumziko ya mtoni, na zaidi juu ya mabinti zetu, kwa sababu kwao jambo hili si la raha tu.

Tunajua maneno yanayosemwa. Kwamba kupumzika ni kwa wenye mshahara. Kwamba mama anayekaa kwenye mchanga bila kazi mkononi ni mvivu, na jirani atamwimba. Lakini wanawake wa mto huu hawakuanza leo kupenda kukutana na kucheka. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, kule juu upande wa Kasongo. Aliona soko lililokuwa likikusanyika kila siku ya nne, na wanawake ndio waliolijaza, wengi wamevuka kwa mitumbwi na samaki, vyungu na kuku wao. Aliandika katika daftari lake kwamba kubishana bei na kutaniana kulionekana kuwa raha kubwa ya maisha yao. Bibi zetu walitembea mbali kwa ajili ya chumvi, ndiyo, lakini pia kwa ajili ya kuonana. Soko ndilo lilikuwa matembezi yao.

Wanaokijua kisa hicho wanajua pia namna kilivyoisha. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka ule, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walishambulia soko lile. Wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Walikufa majini, mitumbwi ikipinduka, wakijaribu kurudi ng'ambo kwao. Hatukileti kisa hiki ili kuharibu vakansi ya mtu. Tunakileta kwa sababu tangu zamani zile mpaka leo, mwanamke wa Lualaba ni mtu wa kuvuka. Shamba liko ng'ambo, soko liko ng'ambo, mara nyingine hata nyumba ya kuzalia iko ng'ambo. Anavuka na mzigo, anavuka na mtoto mgongoni, anavuka na mimba.

Na wengi wetu hatujui kuogelea.

Tuangalie namna inavyotokea. Kijana wa kiume hafundishwi kuogelea na mtu. Anajifunza kwa kucheza. Ana miaka sita, anawafuata wakubwa, anakunywa maji mara mbili tatu, wanamcheka, kesho anarudi. Akifika miaka kumi ni samaki. Dada yake wa miaka hiyo hiyo amekuja naye mtoni, lakini ana beseni kichwani na mdogo wake mgongoni. Akiweka beseni chini na kuingia majini tunamwita kwa ukali: "Wee, kazi imeisha?" Akikua kidogo tunaongeza sababu nyingine: nguo zitalowa, nywele zitaharibika, wavulana wanamwangalia. Basi anakulia ukingoni mwa mto mkubwa kuliko yote ya Afrika kwa wingi wa maji, na maji hayo hayajawahi kumfika kifuani. Halafu anaolewa, na tangu hapo kila juma yuko ndani ya mtumbwi.

Tulimnyima mchezo, na kumbe mchezo ule ndio uliokuwa shule.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024: katika mwaka 2021 peke yake watu karibu 300,000 walikufa maji duniani, na mmoja kwa kila wanne kati yao alikuwa mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano. Nchi maskini ndizo zinazopoteza wengi. Shirika hilo hilo linashauri kwamba watoto wa umri wa shule wafundishwe misingi ya kuogelea na namna ya kumsaidia anayezama. Na tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia nzima ya kuzuia vifo vya majini. Siku hiyo inaangukia katikati ya vakansi yetu, maji yakiwa yameshuka. Kwa mto wetu wasingeweza kuchagua vizuri zaidi.

Kufundisha si jambo la piscine wala la mwalimu kutoka Kinshasa. Katika kila kijiji cha ukingoni kuna familia za wavuvi, hasa Wagenya, na ndani ya familia hizo hakukosekani bibi au shangazi ambaye maji kwake ni kama uwanja wa nyumba. Mwombeni huyo. Chagueni pahali ambapo mchanga unashuka polepole na maji hayakimbii, yasizidi kiuno cha mtoto. Kazi ya kwanza ni ndogo kabisa: aweke uso majini na apulize hewa, mpaka hofu imtoke. Ya pili ni kulala chali na kuelea, mkono wa mtu mzima chini ya mgongo wake, halafu mkono unaondolewa bila kumwambia. Hii ya kulala chali tunaipenda kuliko zote, kwa sababu mtu aliyetoka mtumbwini akajua kuelea tu, hata kama hajui kwenda popote, amejipatia muda wa kuokolewa. Baadaye anashika bidoni tupu iliyofungwa vizuri na kupiga miguu kuelekea ukingoni. Kuvuka mto si lengo letu. Binti akiweza kuelea na kurudi pale miguu inapogusa chini, tumefika.

Wababa wengine hawatafurahi. Tuwasikilize, si wote wana ubaya. Baba anayesema hataki binti yake aogelee katikati ya wavulana ana haki ya kusema hivyo, na jibu lake ni rahisi: saa yetu na pahali petu. Mama zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Maniema na hasa Kasongo, watataka pia nguo ya heshima, na hilo nalo halina shida. Suruali fupi ya zamani na shati vinatosha, au kikwembe kilichopitishwa katikati ya miguu na kufungwa kiunoni. Tunachokataa ni nguo nzito sawa vile jinzi, ambayo ikilowa inamvuta mtu chini. Lakini baba akisema kwamba kuogelea hakumfai mwanamke, basi tumwulize kwa upole nani atavuka kesho kwenda shambani.

Sasa maneno machache ya usalama, maana hatutaki mtu aseme kwamba gazeti la wamama limewapeleka watoto kufa.

Ukingo wa mchanga wakati wa kiangazi unadanganya. Juu unaonekana imara, chini maji yamekwisha kuula, na unabomoka ghafula na kumtupa mtu kwenye kilindi. Mwende kwanza na mvuvi anayepajua pahali hapo, awaambie pia habari za mamba na viboko, kwa sababu wao hawana vakansi. Maji yaliyosimama, yenye majani na konokono, muyaache: ndiko kichocho kinakokaa. Kule kwenye mawe na maji ya mbio mnajua wale nzi wadogo weusi wanaoleta ugonjwa wa macho, kwa hiyo anayegawa mectizan akipita kijijini, msimkimbie.

Wamama wawili wawe walinzi, na kazi yao iwe kuangalia tu. Wasisuke nywele, wasiangalie simu, wasichokoe moto. Tunasema hivi kwa ukali kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele, kinyume na tunavyofikiri. Mdomo wake uko majini, hana pumzi ya kuita. Anazama kimya huku watu wanacheka karibu naye. Mhesabu watoto wakati wa kuingia na mhesabu tena kila baada ya muda mfupi. Mdogo wa miaka miwili au mitatu asiwe mbali na mkono wa mtu, hata pale maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu.

Mtu akipatwa na shida ndani ya maji, msijitupe nyuma yake. Mara nyingi tunasikia habari ya mtu aliyezama na ndugu aliyemfuata, wote wawili wakapotea. Mtupieni bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, mtupieni kamba, mnyoosheeni pondo au kikwembe kilichosokotwa. Kwa hiyo kamba na bidoni viwe pale mchangani kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Aliyetolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo ili maji yatoke. Hiyo ni kupoteza dakika. Mpulizieni pumzi mdomoni mara tano, kisha msukumeni kifua na kuendelea kumpulizia, wakati mwingine anakimbia kutafuta mtu wa kituo cha afya. Mkimwalika muuguzi wa kijiji siku moja awaonyeshe kwa mikono yake, itakuwa bora kuliko kusoma hapa.

Na kwa sababu tumetaja kuvuka: mtoto aliyefungwa mgongoni, mtumbwi ukipinduka na mama akalala chali ili apumue, mtoto anabaki chini ya maji. Sisi tunaona ni vizuri zaidi, ukiingia mtumbwini, umhamishie kifuani, na fundo la kikwembe liwe lile linalofunguka kwa mvuto mmoja. Wasafirishaji hawatakungojea kwa furaha ufanye hivyo. Wangoje.

Haya, tumemaliza ya kutisha. Wapo wamama ambao hawataingia majini hata wapewe mbuzi, na hao nao tunawataka kwenye mchanga. Kuna nzango. Nani kati yetu hakucheza nzango katika uwanja wa shule, kuruka na kupiga makofi na kutupa mguu mbele ya mwenzake? Leo ni mchezo wenye kanuni na timu za watu kumi na mmoja, unachezwa katika nchi zote mbili za Kongo, na mchanga wa mto ni laini kwa magoti ya watu wa umri wetu. Kuna kisolo: toboeni mashimo kwenye mchanga, okoteni kokoto, na mtashangaa namna nyanya anayelalamika juu ya macho yake anavyohesabu kokoto za mwenzake. Kuna hadithi kwa watoto wakati moto unawaka.

Kuhusu chakula, tusifanye sherehe ya kushindana. Tumeona matembezi ya vikundi yaliyokufa kwa sababu kila mtu alitakiwa kuleta soda na kikwembe kipya cha rangi moja, na aliyekosa pesa akabaki nyumbani kwa haya. Samaki wa kuchoma, makemba, pilipili na chumvi vinatosha. Kikundi chenye likelemba kinaweza kutoa franka kidogo kwa kamba na mafuta. Na samaki wachomwe na wavulana. Kama wanajua kuwavua, wanajua pia kuwageuza juu ya moto.

Sisi tumechagua siku ya yenga inayofuata tarehe 25, baada ya sala, kuanzia saa nane mpaka kabla jua halijashuka na mbu hawajaamka. Kurudi kwa mtumbwi usiku hakuna. Vikundi vya vijiji vingine vichague siku yao na vituandikie namna ilivyokwenda, mabinti wangapi waliingia majini, na nani kati ya nyanya alishinda kisolo. Kila mama alete binti zake wote, si yule mmoja ambaye kazi imembakiza huru. Alete pia bidoni tupu yenye kifuniko chake. Beseni libaki nyumbani. Atakayeonekana na nguo chafu chini ya kwapa, akisema kwamba atazifua kidogo tu kwa kuwa amekwisha kufika mtoni, tutamrudisha nazo.