Piano za bei nafuu: Ni nani anayelipa gharama?

Kampuni ya Pearl River, iliyoanzishwa mwaka 1956 mjini Guangzhou, kusini mwa China, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa piano duniani. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wanunuzi nchini humo wamepungua sana. Hali hiyo inafufua swali la zamani: piano inapouzwa kwa bei nafuu, gharama hubebwa na nani?

Si chombo chepesi kutengeneza. Piano moja ina maelfu ya vipande, na nyuzi zake za chuma zipatazo 230 huvuta kwa uzito wa takriban tani 18. Mbao zisipokauka sawasawa hupinda, na sauti huharibika. Yamaha ya Japan, iliyotengeneza piano yake ya kwanza mwaka 1900, ilidhihirisha baada ya Vita Vikuu vya Pili kwamba matanuri ya kukaushia mbao, mashine na kazi iliyogawanywa hatua kwa hatua huweza kushusha bei bila kushusha ubora.

Lakini Marekani ilitangulia. Mwaka 1909 pekee, viwanda vyake vilitengeneza piano zaidi ya 300,000, nazo zikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Vibao vyeupe vya kubonyezea vilifunikwa kwa pembe za ndovu, zilizokatwa katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wapagazi, wakiwemo watumwa, kutoka bara hadi pwani. Gharama hiyo haikuandikwa katika bei ya dukani.

Leo vibao hivyo ni vya plastiki, na tangu uamuzi wa kimataifa wa mwaka 1989, biashara ya pembe baina ya mataifa imepigwa marufuku kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo imethibitika kuwa unafuu hauhitaji damu ya ndovu wala jasho la mtumwa.

Linalobakia ni suala la wafanyakazi. Kiwanda kikubwa hushusha bei pale tu kinapouza kwa wingi. Soko likisinyaa, mitambo husimama na ajira huwa mashakani. Nchi za Afrika Mashariki zinazotamani viwanda vya aina hiyo hazina budi kuupima mzani huo mapema.