MLINZI ALIYEFUNGWA MIKONO



Milima ya Usambara ina somo lisilochakaa. Wazee wa huko wasimulia kwamba Mbegha, mgeni aliyetoka Ngulu, alipewa enzi Vuga kwa kuwa aliwagawia watu nyama na kuwaamua kwa haki. Lakini enzi ilipokaa mno katika ukoo mmoja, vizazi vya mwamuzi yule wakawa wauza watu, na mnyonge hakuwa na pa kushitakia, kwani mshitakiwa ndiye aliyekuwa kadhi. Ndipo katika miaka ya 1860 Wabondei walipoinuka katika Kiva wakawafukuza Wakilindi.

Leo katika milima hiyo hiyo, Lushoto, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kanuni ya kwanza ya uhakimu ni kwamba mtu haamui shauri lake mwenyewe. Je, dola yetu yaishika kanuni hiyo?

Chama kimoja kimetawala Bara tangu 1961 na Visiwani tangu 1964, kwanza kwa majina ya TANU na ASP, kisha tangu 1977 kwa jina la CCM. Chini yake ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyotokana na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Katiba yaiita huru. Lakini Ibara ya 130 yampa Rais uwezo wa kuiamrisha akiona maslahi ya taifa yataka hivyo. Makamishna huwateua yeye. Kumchunguza yeye, au Rais wa Zanzibar, hakuruhusiwi ila kwa njia finyu. Nasi twapokea katika vitabu vyetu kwamba Sayyidna Ali, hali ni Amirul-Muuminina, alisimama mbele ya Kadhi Shurayh akashindwa daawa!

Tena neno la Tume ni nasaha, si hukumu. Wanakijiji 135 wa Nyamuma, Serengeti, walifukuzwa na nyumba zao kuchomwa mwaka 2001. Mwaka 2004 Tume ilikata kuwa wamedhulumiwa na wastahili fidia. Serikali ilikataa, na wanyonge wale wakaingia katika safari ndefu ya mahakama. Baadaye Tume yenyewe ilikaa muda mrefu bila makamishna, hata walipoteuliwa wengine Septemba 2019.

Na sisi wa visiwani? Januari 2001 waliuawa watu wasiopungua 35, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Tume haikuvuka bahari kuja kwetu hata mwaka 2007.

Twataka mambo matatu: makamishna wasiwe wateule wa mtu mmoja, amri ya Rais juu ya Tume ifutwe, na uamuzi wa Tume utekelezwe kama hukumu.

Lakini hadi hapo tusisuse. Mwenye kudhulumiwa na aandike lalamiko lake, atie tarehe na majina ya mashahidi, aipelekee Tume, na nakala aiweke. Mlinzi aliyefungwa mikono bado ana macho, na dhulma iliyoandikwa haikanushiki kwa wepesi.

Wabillahi taufiq.