Tahadhari: malaria inayokawia kutii dawa imeshafika Kagera

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza dawa ya mseto leo, tafadhali soma haya kabla hujaviweka kabatini vidonge vitakavyobaki. Mtoto akichangamka siku ya pili na kuanza kucheza, vidonge vya siku ya tatu bado ni vyake. Vyote. Tumeambiwa hivyo zahanati miaka mingi mpaka maneno yamechuja, lakini safari hii sababu yake ni nzito zaidi.

Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wa Tanzania wamethibitisha kwamba wapo wagonjwa ambao vimelea vya malaria vinakawia kutoka katika damu yao hata wakinywa dozi kamili mbele ya mhudumu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Rwanda iliripoti badiliko la jeni linalosababisha hali hiyo mwaka 2020. Mwaka 2021 taarifa zikatoka kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2023 zikatoka Eritrea. Ukanda wa Maziwa Makuu watu huvuka mipaka kila siku kwa biashara, shule, harusi na misiba, na mtu anaweza kubeba vimelea damuni bila kujisikia mgonjwa.

Dawa zote za mseto zimejengwa juu ya artemisinini. Chimbuko lake ni majani ya Artemisia annua, mmea ulio jamaa ya pakanga. Tu Youyou na wenzake nchini China waliitoa kwenye mmea huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Namna inavyoua inastaajabisha. Kimelea kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na himoglobini ina chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiamsha artemisinini na kuigeuza sumu inayoharibu protini za kimelea. Kwa hiyo chakula chake ndicho kinachokiua.

Mwaka 2014 wanasayansi waliochunguza vimelea sugu vya Kambodia waligundua kwamba siri imo katika jeni iitwayo kelch13. Miaka sita baadaye watafiti wa Hamburg, Ujerumani, wakaonesha kazi yake: protini ya jeni hiyo hukisaidia kimelea kumeza himoglobini katika saa zake za mwanzo ndani ya chembe ya damu. Ikibadilika herufi moja tu ya jeni, ulaji unapungua na dawa inakosa cha kuiamsha. Kimelea ni kama kimefunga saumu. Artemisinini hukaa damuni saa chache tu, na ikishapita, kimelea kinafuturu.

Vimelea vya Rwanda na Kagera vina badiliko hilo katika nafasi ya 561 ya protini, na vya Uganda katika nafasi za 469 na 675. Uchunguzi wa vinasaba nchini Rwanda ulionesha kwamba badiliko la kwao halikuletwa kutoka Asia, lilizuka hapohapo. Hakuna uwanja wa ndege wa kulaumu.

Nisieleweke vibaya: mseto bado unaponya, na mtu yeyote asiuache. Unaponya kwa sababu artemisinini haiko peke yake. Katika ALu, dawa inayotumika zaidi kwetu, mwenzi wake ni lumefantrini, ambayo hubaki mwilini siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Ila sasa lumefantrini inaachiwa vimelea vingi zaidi vya kumaliza. Kambodia walipita njia hii. Artemisinini ilipodhoofu, mwenzi wake wa huko, piperakwini, naye akaelemewa, na katika baadhi ya majimbo wagonjwa wengi wakarudi na malaria ileile ndani ya wiki sita. Afrika hatuna nafasi ya kupita huko. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, asilimia 95 yao katika Kanda ya Afrika, na takriban robo tatu ya waliokufa katika kanda hii ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Tena tunakumbuka klorokwini. Usugu wake ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Miaka zaidi ya ishirini! Katika miaka hiyo watoto waliendelea kupewa dawa iliyozidi kupoteza nguvu, na wengi walizikwa. Dawa ya SP iliyofuata haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia kwenye ALu. Safari hii tumepata onyo mapema, na vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyolitoa.

Pima kwanza, kwa maana si kila homa ni malaria. ALu hunywewa mara sita kwa siku tatu: dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wa karanga, kwa sababu bila mafuta lumefantrini hunyonywa kidogo sana tumboni. Anayeinywa kwa chai ya rangi tu anajipunja bila kujua. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, arudiwe dozi hiyo. Aliyechomwa sindano za atesunati kwa malaria kali hajamaliza matibabu mpaka anywe pia mseto wa siku tatu. Na wewe mwenye duka la dawa, ndugu yangu, anayekuomba umkatie vidonge vinne kwa sababu hela haitoshi usimkatie. Mwelekeze zahanati.

Chai ya artemisia inanitia hofu zaidi, kwa sababu wanaoitumia ni watu wenye nia njema. Mmea ni uleule, wanasema, basi majani yatatosha. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kati ya mmea na mmea, na katika kikombe cha chai huwa kidogo, tena bila dawa mwenzi. Vimelea dhaifu hufa, vyenye kelch13 iliyobadilika hubaki na kuzaana. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo, na tangu mwaka 2006 limetaka pia vidonge vya artemisinini pekee visiuzwe.

Serikali zetu nazo ziharakishe. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kusomea kelch13 maabara, kwa hiyo kila mkoa unaopakana na Kagera ungeweza kukusanya sampuli vituoni kila msimu wa mvua. Ipo dawa isiyo na artemisinini, ganaplasaidi iliyounganishwa na lumefantrini, iliyofikia hatua ya tatu ya majaribio barani Afrika. Lakini nayo inategemea lumefantrini hiyohiyo tunayoichosha leo.

Homa isipotulia baada ya siku tatu za dawa, au ikirudi ndani ya wiki nne, usinunue dozi nyingine ukaimeza nyumbani. Rudi kituoni uombe damu iangaliwe kwa darubini, kwa maana kipimo cha haraka kinaweza kuonesha malaria kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekwisha. Mweleze mhudumu ulikunywa dawa gani, lini, na kama ulimaliza, na umpelekee pakiti yake.