Kibali cha Wakili ni Deni kwa Mnyonge



Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii twaitumia kila siku kuwapima watu. Leo napenda tuitumie kukipima chama. Chama chenyewe ni kile cha wanasheria wa nchi yetu ya Kenya, ambacho wengi wetu twakijua kwa herufi zake tatu, LSK. Dhiki yenyewe ni janga la korona lililoingia nchini mwezi wa Machi 2020. Barakoa tumekwisha kuzivua, na kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Hata hivyo, hesabu ya mambo ya wakati ule haijafungwa, wala haifai kufungwa kabla hatujajiuliza swali moja: Mlango wa haki ulipofungwa, ni nani aliyefunguliwa dirisha, na ni nani aliyeachwa nje?

Siku mlango ulipofungwa

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akisema kwa niaba ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, alitangaza kwamba shughuli za mahakama zitapunguzwa kuanzia tarehe 16. Kesi za jinai na za madai zilisimamishwa. Wafungwa na mahabusu hawakuletwa tena mahakamani. Waliokamatwa upya, isipokuwa wenye mashtaka mazito, walitakiwa kushughulikiwa katika vituo vya polisi.

Siilaumu hatua hiyo. Sote twajua jinsi watu wanavyosongamana katika korido za mahakama zetu, na ugonjwa ule ulipenda msongamano. Hata makanisa tuliyafunga, nasi tuliyoyafunga twajua uchungu wake. Lakini hatua ikiwa ya lazima haina maana kwamba haimwumizi mtu. Ibara ya 49 ya Katiba yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia siku ya mapumziko. Kanuni hiyo ndiyo imfanyayo askari akumbuke kwamba kesho atatoa hesabu mbele ya hakimu. Kesi ya mtu mdogo inapoishia kituoni, yule aliyemkamata ndiye anayebaki na ufunguo wa hatima yake.

Kisha ikaja kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020, hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje tangu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, isipokuwa watu wa kazi zilizoorodheshwa. Siku hiyo hiyo ya kwanza, pale kivukoni Likoni, wananchi waliokuwa wakiharakisha kurudi makwao walipigwa virungu na kufukizwa moshi wa kutoa machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Siku chache baadaye, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi walipokuwa wakisimamia kafyu mtaani.

Namba niliyoipata kwa kujuana

Nami niruhusiwe kusimulia niliyoyaona mwenyewe. Mwanzoni mwa Aprili mwaka ule, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia niliyokuwa nikihudumu alinijia alfajiri, kafyu ilipokwisha tu. Mwanawe, kijana wa kupakua mizigo sokoni, alikuwa amechelewa kupata matatu, kwa maana magari yalikwisha amriwa kupunguza abiria. Akakamatwa hatua chache kutoka nyumbani. Kituoni mama aliambiwa alete "kitu" ili mambo yaishe.

"Padre," akaniambia, "mahakama imefungwa. Nikalie kwa nani?"

Nikamjibu, "Mama, keti kwanza. Tutafute wakili."

Nilipiga simu katika ofisi tatu. Mbili hazikujibu. Katika ya tatu karani alinieleza kwa upole kwamba wakili sasa anafanyia kazi nyumbani, na kwamba mteja aweza kuonana naye kwa njia ya video kwenye kompyuta. Nikamtazama mama yule. Mkononi alikuwa na simu ya mulika mwizi, nayo haikuwa na salio. Hatimaye nikamkumbuka wakili mmoja kijana ambaye wazazi wake nilifahamiana nao zamani. Alizungumza na mkuu wa kituo kwa simu kwa muda usiozidi dakika kumi. Kufikia adhuhuri kijana alikuwa nje kwa dhamana ya polisi, bila kutoa hata shilingi moja.

Mama alishukuru, nami nikafurahi. Lakini furaha yangu ilikuwa na doa. Kilichomwokoa kijana yule kilikuwa sauti ya mtu ajuaye sheria, na namba ya mtu huyo niliipata kwa kujuana. Je, vijana wengine waliolala naye sakafuni usiku ule, ambao mama zao hawakumjua padre wala wakili?

Alilofanya LSK, na tulishukuru

Haki yataka tuseme mema kwanza. Siku tatu tu baada ya kafyu kuanza, tarehe 30 Machi 2020, LSK kilikuwa kimekwisha kufika Mahakama Kuu, nayo ikawakataza polisi kwa muda kutumia nguvu kupita kiasi. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir akatoa hukumu. Kafyu yenyewe aliiona kuwa halali, lakini akatamka kwamba nguvu iliyotumiwa kuisimamia ilivunja Katiba. Akataka mwongozo wa matumizi ya nguvu utangazwe wazi kwa wananchi. Tena akaamua kwamba haikuwa halali kuwaacha wanachama wa LSK, pamoja na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, nje ya orodha ya wale walioruhusiwa kutembea usiku.

Hiyo ni huduma isiyo na bei. Mpakua mizigo hawezi kumshtaki Inspekta Jenerali wa Polisi. Chama chaweza, kwa kuwa Ibara ya 22 ya Katiba yaruhusu mtu au chama kwenda mahakamani kwa ajili ya masilahi ya umma. Katika siku ambazo wengi walinyamaza kwa hofu ya ugonjwa au ya mamlaka, wanasheria walisema. Tuwape heshima yao.

Pia chama kilibadili namna ya kuwahudumia wanachama wake. Mawakili hutakiwa kukusanya pointi za mafunzo kila mwaka kabla ya kupewa cheti cha kufanyia kazi. Mafunzo hayo, yaliyokuwa yakifanyika katika kumbi za hoteli, yalihamishiwa mtandaoni. Mahakama nazo zikaanza kusikiliza mashauri kwa video na kusoma hukumu kwa barua pepe. Tarehe 1 Julai 2020 Jaji Mkuu Maraga alizindua jijini Nairobi mfumo wa kuwasilisha nyaraka za kesi kwa njia ya kielektroniki, na mwaka 2024 mfumo huo ulienezwa katika mahakama za nchi nzima. Wakili wa leo aweza kufungua kesi bila kuinuka kitini. Ni maendeleo, wala sitamani turudi kwenye enzi za faili zinazopotea chini ya meza.

Palipobaki pengo

Lakini tuangalie pia upande wa pili wa shilingi. Sensa ya mwaka 2019, iliyofanyika miezi michache tu kabla ya janga, ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti hawakufika 23, na waliotumia kompyuta walikuwa kama 10 tu. Huduma iliyohamia mtandaoni ilimfuata wakili hadi sebuleni kwake. Mteja maskini ilimwacha njiani.

Twajua wote habari ya mjane katika Injili aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka akapata haki yake. Silaha yake ya pekee ilikuwa miguu yake. Mwaka 2020 miguu ile haikufaa kitu, kwa kuwa mlangoni pa kadhi paliulizwa bando na nywila.

Sasa nifikie hoja yangu. Kwa nini wakili aruhusiwe kutembea usiku wakati fundi, mchuuzi na hata katekista wamefungiwa ndani? Sababu ya pekee iliyo nzito ni kwamba Ibara ya 49 yampa aliyekamatwa haki ya kuzungumza na wakili, na watu hukamatwa usiku. Basi kibali kile kilitolewa kwa ajili ya aliyekamatwa. Wakili alikishika kama amana tu. Anayeshika amana ana deni. Chama kilichodai kwa ujasiri kwamba wakili ni mtu wa huduma ya lazima kimekiri kwa kinywa chake kwamba huduma hiyo ni ya lazima kwa kila mtu, hata kwa yule asiye na ada.

Wapo watakaonijibu kwamba wakili naye hula kwa jasho lake, na kwamba janga lilizifunga ofisi nyingi ndogo zilizokosa wateja. Ni kweli, na nimewaona mawakili vijana walioshindwa kulipa kodi. Wapo pia watakaosema kwamba chama cha taaluma kipo kwa ajili ya wanachama wake. Hapo nawaomba wasome Sheria ya mwaka 2014 inayokiunda chama hicho. Miongoni mwa madhumuni yake imetaja kuwatetea wanachama, na imetaja vilevile kuwalinda na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria. Mkono mmoja haulei mwana, wala dhumuni moja halilei chama.

Inasikitisha kwamba katika kipindi hicho hicho viongozi wa chama walitumbukia katika mvutano mkubwa wa wao kwa wao, hata wakafikishana mahakamani. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizo ni wananchi waliokihitaji chama kilicho kimoja.

Jambo hili lawezekana

Asiseme mtu kwamba naota. Mwezi Juni 2024 vijana walipokamatwa kwa wingi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mawakili wa LSK walikwenda vituoni na mahakamani kuwatetea bila malipo. Wazazi walijua wa kumpigia. Kwa hiyo uwezo upo, na moyo upo. Kinachohitajika ni kuufanya moyo huo kuwa utaratibu, ili usingoje mambo makubwa yanayopigwa picha. Kijana anayekamatwa peke yake Jumanne usiku, pasipo kamera, ana haki ile ile.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila tawi la LSK liwe na orodha ya mawakili wa zamu, na namba zao zibandikwe kwa Kiswahili katika vituo vya polisi, zahanati, misikiti na makanisa. Simu ya kawaida yatosha, kama dakika zile kumi zilivyotosha. La pili, pointi za mafunzo zitolewe pia kwa wakili anayekwenda kuwafundisha wananchi haki zao, kusudi elimu ishuke kutoka kwenye skrini hadi kwenye mkeka. La tatu latuhusu sisi. Parokia nyingi zina ofisi, umeme na kompyuta moja. Kamati zetu za Haki na Amani zaweza kukifanya chumba hicho kuwa mahali ambapo mjane ataketi, akasaidiwa kusikiliza shauri lake kwa video bila kulipa. Tena tuwatoe vijana wetu wakafunzwe kazi ya usaidizi wa sheria, ambayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeitambua.

Tusingoje janga jingine ndipo tuanze kutafuta namba za simu. Ugonjwa haupigi hodi, na amri za dharura hutoka usiku mmoja. Mama yule aliuliza, "Nikalie kwa nani?" Siku akiuliza tena, jibu liwe limekwisha kubandikwa mlangoni.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Mtu wa jumuiya yetu akikamatwa usiku wa leo, ni nani kati yetu ajuaye la kufanya na wa kumpigia simu?

2. Je, kamati yetu imewahi kuwaalika mawakili wa eneo letu, na tuliwaomba nini?

3. Ni huduma zipi nyingine zilizohamia mtandaoni tangu mwaka 2020, na ni jirani gani aliyeachwa nje?