Usifumue hiyo beji

Kuna ujinga mmoja unaendelea mjini, na wanaoufanya ni watu wazima wenye digrii zao. Mzee anafariki, ndugu wanagawana vitu, kwenye sanduku la bati linakutwa shati lake la kaki la skauti. Anatokea mjuaji wa familia na wembe, anafumua beji moja moja. Shati linakuwa dekio. Beji zinaingia kwenye bahasha, zinapigwa picha, zinatafutiwa mnunuzi Ulaya au Marekani. Mjuaji anajiona kapiga bingo.

Simlaumu kwa kutaka hela, maana hali tunaijua wote. Namlaumu kwa huo wembe.

Niliwahi kumwambia mhariri mmoja kuwa hii ni habari. Akacheka, akaniuliza kama siku hizi habari zimekwisha. Jamani! Huko nje kukusanya na kutambua beji za skauti ni kazi ya watu wazima wenye macho makali. Wakishika beji wanageuza nyuma kwanza, kwa kuwa mbele ndiko anakohangaikia mghushi. Wanatazama ukingo: umekatwa tu, au umezungushiwa uzi mnene? Wanatazama mgongo: ni nyuzi tupu, au umepakwa plastiki? Kwenye beji za Marekani mgongo wa plastiki ulienea miaka ya 1970, kwa hiyo ukiuziwa ya “mwaka 1940” yenye plastiki nyuma, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wengine wanaimulika gizani kwa taa ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa, pamba ya zamani kwa kawaida haing'ai, labda iwe imefuliwa kwa sabuni za siku hizi.

Maandishi nayo yanasaidia. Beji iliyoandikwa Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, kwa sababu jina lenyewe halikuwepo. Ya Zaire ni ya kati ya 1971 na 1997, au ni ya kuigiza. Hapo huhitaji maabara, unahitaji kukumbuka somo la historia tu.

Sasa tazama kinachopotea ukifumua. Kitambaa chenyewe hakisemi nani alikivaa, kikosi gani, kambi ipi. Shati linasema kidogo: beji ilikaa kifuani au begani, ilishonwa kwa mkono au kwa cherehani, na pale kaki isipopauka kuna kivuli cha beji nyingine iliyotangulia, yaani mzee alipanda daraja. Yaliyobaki yamo kichwani mwa bibi, aliyeipiga pasi hiyo kaki kila Jumamosi, na bibi hakuna aliyemuuliza. Mnunuzi wa ng'ambo akipokea bahasha atajua kitambaa ni cha miaka gani. Hatajua kamwe ni cha nani. Ataandika “Afrika Mashariki, mvaaji hajulikani”, na hivyo ndivyo babu yako atakavyoitwa kwenye albamu ya mtu.

Najua jibu la baadhi yenu: skauti ni mambo ya mkoloni, acha vipotee. Eti kupotea! Kumbukumbu zikipotea, anayefaidi ni nani? Chukua Wood Badge, alama yenye heshima kubwa kwa viongozi wa skauti dunia nzima. Hiyo haishonwi, ni shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi. Za mwanzo zilitolewa Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na skauti wenyewe wamesimulia miaka yote kuwa zilitoka kwenye mkufu wa Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo wa Wazulu. Baden-Powell alirudi nao kutoka vita vya 1888. Aliupataje? Hapo simulizi zinagawanyika: wapo wanaosema alipewa, wapo wanaosema aliuokota kwenye makazi yaliyokimbiwa. Kati ya kupewa na kuokota vitani pana tofauti kubwa sana, lakini iliyosikika ni sauti ya aliyeondoka na mkufu. Dinuzulu yeye alipelekwa uhamishoni St Helena.

Au chukua Afrika Kusini, ambako vijana weusi waliwekwa kwenye chama chao, Pathfinders, kuanzia 1922, na matawi ya kibaguzi hayakuunganishwa hadi 1977. Ukiwa na sare ya wakati ule na jina la mvaaji, una ushahidi wa nani alitengwa na wapi. Ukiwa na beji tupu, una pambo. Sasa mwenzangu unayeuchukia ukoloni, unataka tubaki na kipi?

Vijana nao wana lao. Tangu ile ya kwanza ya London mwaka 1920, Jamboree ya Dunia haijafanyika Afrika hata mara moja, kwa hiyo skauti wetu hubadilishana beji ugenini. Kubadilishana ni raha, na ndiyo mila ya huko. Marekani wana kanuni nzuri kwamba mtu mzima abadilishane na mtu mzima, mtoto na mtoto, ili wajanja wasiwapunje wadogo. Lakini kijana anayetoa beji ya kikosi chake, tena ile ya pekee, na kurudi na kumi zinazometameta za kiwandani, kapunjwa hata kama aliyempunja ana miaka kumi na nne.

Kama shati lipo nyumbani kwenu, liache lilivyo. Lipige picha mbele, nyuma na mikono yote miwili. Usilifue kwa jiki. Kaa na bibi au baba mdogo, andika kwa penseli kwenye karatasi: jina, shule, kikosi, miaka, kambi alizokwenda, nani alishona. Karatasi iingie mfukoni mwa shati. Ukitaka kuuza baada ya hapo, uza shati zima pamoja na karatasi yake, na kopi ibaki kwenu. Mnunuzi akisema yeye anataka beji tu, mwambie shati haligawanywi.