Mkoromo usiochekwa: Mashine ya kupumulia usiku na familia inayolala nayo

Katika nyumba nyingi anayekoroma hugeuzwa kichekesho cha asubuhi. Watoto humuigiza baba wakati wa chai, mama hutania kwamba usiku kucha trekta lilikuwa linalima chumbani, na mambo huishia hapo. Wapo wanaoamini kabisa kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mnono wa mtu aliyechoka kwa kazi halali.

Lakini upo mkoromo usiofaa kuchekwa. Ni ule unaopanda, kisha ghafla chumba kinakuwa kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde 10, 20 au hata zaidi, mtu anashtuka kwa kishindo kama aliyeibuka kutoka ndani ya maji, anavuta pumzi, anageuka na kuendelea kukoroma. Asubuhi hakumbuki chochote. Anayekumbuka ni mwenza wake, aliyekuwa macho akihesabu.

Wengine husema amekabwa na jinamizi. Madaktari huiita hali hiyo apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet Respiratory Medicine, yalionyesha kuwa karibu watu bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wengi wao hawajui.

Kinachotokea kooni

Mtu anapolala, misuli ya mwili hulegea, ikiwamo ya koo na ulimi. Kwa wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine, kwa sababu ya mafuta yaliyojaa shingoni, umbile la taya, ulimi mkubwa au mafindofindo yaliyovimba, njia hiyo hujifunga. Kiwango cha oksijeni katika damu hushuka, ubongo unapata taarifa ya hatari na kumwamsha mtu kidogo tu ili avute hewa. Kisha mchezo unaanza upya.

Wataalamu huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni tatizo dogo, 15 hadi chini ya 30 ni la wastani, na 30 kwenda juu ni kubwa. Mwenye 30 kwa saa, akilala saa 7, mwili wake umepigana kutafuta hewa zaidi ya mara 200 kabla ya alfajiri.

Ndiyo maana mtu analala saa 8 na kuamka kama hakulala. Kichwa kinauma asubuhi, mdomo umekauka, anaamka mara kwa mara kwenda kukojoa, anasahau, ana hasira za karibu na hamu ya tendo la ndoa inapungua. Nyumbani huambiwa mvivu au amebadilika tabia. Dereva wa basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza akiwa na hali hii ni hatari kwake na kwa abiria wote walio nyuma yake, kwa sababu usingizi unaweza kumchukua akiwa kwenye usukani.

Apnia isiyotibiwa pia inahusishwa na shinikizo la damu lisilotulia hata kwa dawa kadhaa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi na kisukari aina ya pili.

Maswali manane

Mwaka 2008 madaktari nchini Canada walichapisha orodha fupi ya kupima uwezekano wa tatizo hili, na sasa inatumika katika nchi nyingi. Je, mtu anakoroma kwa sauti kubwa? Anachoka au kusinzia mchana mara kwa mara? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika usingizini? Ana shinikizo la damu? Ana unene uliopitiliza? Ana zaidi ya miaka 50? Mzunguko wa shingo yake unazidi sentimita 40? Ni mwanamume?

Majibu ya "ndiyo" yakifika matatu au zaidi, kuna sababu ya kumwona daktari. Hata hivyo, swali la mwisho lisiwasahaulishe wanawake. Wao nao huugua, hasa baada ya kukoma hedhi, na mara nyingi hulalamikia uchovu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi kuliko kukoroma, hivyo hutibiwa mambo mengine. Mjamzito aliyeanza kukoroma sana anapaswa kulitaja hilo kliniki, kwa kuwa apnia inahusishwa na shinikizo la damu wakati wa ujauzito.

Kuna msaada mmoja ambao mwenza anaweza kuutoa bila gharama: kumrekodi mgonjwa kwa simu kwa dakika chache akiwa amelala, kwa ridhaa yake. Video hiyo haitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini humwonyesha daktari kitu ambacho mgonjwa mwenyewe hawezi kukisimulia. Uthibitisho hutokana na kipimo cha usingizi, ambacho hufanyika hospitalini kwa kulala usiku mmoja na vifaa mwilini, au kwa kifaa kidogo ambacho mtu huenda nacho nyumbani. Pa kuanzia ni kwa daktari wa masikio, pua na koo, wa mapafu au wa moyo katika hospitali ya rufaa.

Mashine inafanya nini

Tiba inayotumika zaidi kwa tatizo la wastani na kubwa ni mashine ndogo ya kando ya kitanda, inayojulikana hospitalini kwa kifupi cha CPAP. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja na kuisukuma kwa mgandamizo kupitia mpira hadi kwenye barakoa inayokaa puani, au puani na mdomoni. Hewa hiyo hulizuia koo lisijifunge, kama upepo unavyolifanya puto lisinywee.

Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Mwaka 1981 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa 5 wa kwanza. Kabla ya hapo, wagonjwa waliozidiwa walitobolewa tundu shingoni ili wapumue.

Jambo moja huwachanganya wengi tangu nyakati za Uviko-19: mashine hii si mtungi wa oksijeni. Haitengenezi oksijeni na haimpumulii mtu. Mgonjwa anapumua mwenyewe, mashine inamfungulia njia tu. Kiwango cha mgandamizo hupangwa na mtaalamu kulingana na mgonjwa, mara nyingi kati ya 4 na 20 kwa kipimo cha sentimita za maji. Kwa hiyo mashine ya jirani au ya marehemu mjomba haiwi dawa kwa kuvaliwa tu.

Inaponya?

Haiponyi. Inafanya kazi usiku inapovaliwa. Ikiachwa, mkoromo na kukatika kwa pumzi hurudi. Wanaoivaa vizuri huona nafuu kubwa ya usingizi wa mchana, wengine ndani ya siku chache, na shinikizo la damu hupungua kidogo.

Si muujiza kwa kila kitu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 katika New England Journal of Medicine ulifuatilia zaidi ya watu 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu ya ubongo. Mashine haikupunguza mashambulio mapya ya moyo na kiharusi, ingawa usingizi wa mchana na hali ya maisha viliboreka. Lakini watu hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kuna mafunzo mawili hapo: dawa za presha haziachwi kwa sababu mashine imeingia ndani, na mashine inayolala kabatini nusu ya usiku haiwezi kupimwa kwa haki.

Wiki za mwanzo ndizo ngumu

Wengi huiacha mapema. Barakoa inabana, pua inakauka, tumbo linajaa gesi, mtu anajihisi amefungwa. Mengi ya hayo yana dawa. Inasaidia kuivaa mchana dakika 20 au 30 wakati wa kutazama taarifa ya habari, mpaka uso uizoee. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na hewa kidogo na kuongeza polepole. Hewa inayovuja pembeni mara nyingi ni dalili ya barakoa isiyo ya kipimo chake, au ndevu zinazoizuia isikae sawa. Kukaza mikanda mpaka uso uchubuke hakusaidii.

Mwenye kipozeo cha unyevu ndani ya mashine anashauriwa kutumia maji yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima, ambayo huacha magadi na kuweza kubeba vijidudu. Chombo cha maji humwagwa kila asubuhi. Barakoa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na kichujio hukaguliwa mara kwa mara, hasa katika nyumba zenye vumbi la barabara.

Chandarua hakiachwi kwa sababu ya mashine. Mpira hupitishwa chini ya ukingo wa chandarua upande wa kichwani, bila kukitoboa, na mashine hukaa kwenye stuli nje yake, chini kidogo ya usawa wa kichwa ili maji yasirudi kwenye mpira.

Umeme ukikatika, hewa inakoma na barakoa inapaswa kuvuliwa. Kwa mitaa yenye mgao, familia iulize kabla ya kununua kama mashine inakubali betri na kebo yake. Kuzima kipasha unyevu hupunguza sana matumizi ya umeme. Usiku wa giza, kulala ubavu ni bora kuliko chali.

Tahadhari ya mashine za mtumba

Mashine mpya huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na hilo huwasukuma wengi kutafuta iliyotumika mtandaoni au kwa ndugu walio nje. Hapo panahitaji macho. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake za kupumulia, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyomo ndani iliweza kuchakaa na mtumiaji akavuta chembe zake. Anayeletewa mashine ya zamani ahakikishe kwanza namba yake haimo katika orodha ya zilizorudishwa, aipeleke kwa mtaalamu aipangie kiwango upya, na anunue barakoa, mpira na kichujio vipya. Kabla ya yote, aulize bima yake inagharimia nini.

Mtoto anapokoroma

Mtoto anayekoroma karibu kila usiku hana usingizi mnono. Anayelala mdomo wazi, anayetokwa jasho jingi, anayelala shingo ikiwa imerudi nyuma, aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, au anayeshindwa kutulia darasani anahitaji kuchunguzwa koo na pua, si fimbo. Watoto wenye selimundu na wenye Down syndrome wako katika hatari zaidi.

Kwa watoto wengi chanzo ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na tiba ya kwanza huwa ni upasuaji wa kuziondoa. Mashine hufuata pale tatizo linapobaki. Ikifika hapo, mtoto apewe barakoa aichezee mchana kwanza, amvalishe mwanasesere, ajiite rubani. Mashine ya mtu mzima kamwe asiwekewe mtoto bila daktari.

Kazi ya walio nyumbani

Mashine si njia pekee. Kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe jioni na kutotumia dawa za usingizi bila ushauri husaidia, na kwa wengine kifaa cha kusogeza taya mbele hutosha. Mgonjwa akienda kufanyiwa upasuaji wowote, daktari wa nusu kaputi lazima aambiwe kuhusu apnia yake, na mashine iende naye hospitalini.

Kinachoamua zaidi, hata hivyo, ni maneno ya chumbani. Mwanamume anayeitwa "mgonjwa wa ICU" na mkewe ataivua. Mwanamke anayeona aibu kulala na mpira usoni mbele ya mumewe ataivua pia. Mwenza anayesaidia kurekebisha mkanda, anayesema "jana hukukoroma, nami nimelala," ndiye anayeifanya ivaliwe usiku unaofuata. Na sauti ya mashine yenyewe ni ndogo, kama feni iliyowekwa namba moja. Kwa aliyekesha miaka akisubiri pumzi ya mwenzake irudi, hiyo ni sauti ya kulalia.